Dakika Nzima ya Kusikiliza Moyo

Asubuhi moja ya masika, nilipompelekea uji jirani yangu, ajuza mwenye miaka 70 na ushei, aliyekuwa amelazwa kwa siku ya tatu katika hospitali ndogo iliyo kando ya barabara itokayo Kisumu kwenda Busia, si mbali na kibao kinachowaarifu wasafiri kwamba hapo Maseno ndipo mstari wa ikweta unapopita, niliona jambo dogo ambalo mpaka leo halijanitoka akilini. Muuguzi alikuwa na kidonge kidogo cheupe mkononi, na kikombe cha maji kimekwisha tengwa. Lakini, ijapokuwa wagonjwa wengine walikuwa wakimsubiri na sauti za kumwita zilitoka kila pembe ya wodi, hakumpa ajuza kidonge kile. Alikirudisha katika kifuniko cha chupa, akavuta kiti, akavaa stetoskopu masikioni, akaituliza upande wa kushoto wa kifua cha mgonjwa, chini ya titi, akainamia saa iliyobanwa kwenye vazi lake, akanyamaza. Mimi, kwa ujinga wangu, nilidhani sekunde chache zingetosha. Zikapita 15, zikapita 30, naye hakuinua uso. Dakika ilipotimia ndipo alipoiondoa stetoskopu.

“Dani,” alisema kwa upole, maana hivyo ndivyo vijana wa huku wanavyowaita bibi zao, “moyo wako leo umepiga mara 52. Hiki hatukimezi asubuhi hii. Chakula kinapita?”

“Nyathina,” yaani mwanangu, ajuza akajibu, “chakula sikitaki hata kukinusa. Na taa hizi zenu, mbona usiku zina umanjano?”

Muuguzi hakusema neno. Aliandika karatasini, akafunga chupa, akaondoka kwa hatua za haraka kumtafuta tabibu. Baadaye nilipata kujua kuwa katika maneno yale mawili, chakula kisichonusika na taa yenye umanjano, pamoja na hesabu ile ya 52, alikuwa amekwisha soma habari nzima: dawa iliyokuwa ikimtibu bibi yule ilikuwa imeanza kumdhuru.

Aghalabu sisi raia tunadhani kuwa elimu ya moyo ni milki ya tabibu peke yake, na kwamba muuguzi ni mkono tu wa kupokea amri na kupeleka vidonge kitandani. Nami nilikuwa katika dhana hiyo. Lakini tabibu huandika dawa mara moja, kwa mwili alioukuta saa ile. Muuguzi ndiye anayeikutanisha dawa hiyo na mwili kila asubuhi na kila jioni, na mwili wa leo si ule wa jana. Jana uliharisha, leo umefunga kula, juzi ulikopeshwa vidonge na jirani. Baina ya cheti na koo la mgonjwa pana nafasi ambayo hakuna ailindaye ila muuguzi, na kwa dawa za moyo nafasi hiyo ni nyembamba sana.

Na si ajabu kwamba habari hii naiandika nikiwa Maseno, kwa sababu pwani hii ya ziwa ina mahali pake katika tarehe ya elimu ya moyo duniani, ingawa wenyeji wachache wanaijua. Mwaka 1929 tabibu Mwingereza aitwaye C. P. Donnison, aliyefanya kazi katika hospitali ya Waafrika huko Kavirondo Kusini, ng'ambo ya ghuba yetu, aliandika katika jarida la Lancet la London kwamba katika miaka 2 alilaza wagonjwa wapatao 1,800 bila kumkuta hata mmoja ambaye maradhi yake yalikuwa presha. Aliwapima watu 1,000 wenye afya, akaona kuwa damu yao ilisukuma kama ya Wazungu mpaka walipofika umri wa miaka 40 hivi. Baada ya hapo, ilhali ya Wazungu huzidi kupanda, ya watu wa ziwani ilielekea kushuka. Basi presha haikuwa deni la uzee ambalo kila mja hana budi kulilipa. Palikuwa na watu waliozeeka bila ya kuijua, nao ni babu na bibi za hawa wanaojaza mabenchi ya kliniki leo.

Miaka 60 hivi baadaye, watafiti wakiongozwa na Neil Poulter walirudi kwenye swali lilelile kwa njia nyingine. Waliwafuata Wajaluo 325 waliotoka vijijini kaskazini mwa ziwa kwenda kutafuta riziki Nairobi, wakawalinganisha na wenzao 267 waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990, nayo yanasikitisha kuyasoma: mapema tu baada ya kijana kufika mjini, kabla hajazeeka wala kutajirika, damu yake ilianza kusukuma kwa nguvu zaidi kuliko ya ndugu yake aliyebaki na jembe, mapigo ya moyo yaliongezeka, uzito ulizidi, na mkojo wake ulionyesha chumvi nyingi zaidi na madini ya potasiamu machache zaidi. Mji ulikuwa umeingia mwilini kwa njia ya sufuria.

Sasa mji umemfuata mwanakijiji hukohuko aliko. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu robo ya watu wazima wa Kenya walikuwa na presha, na kwamba zaidi ya nusu ya wananchi walikuwa hawajapimwa hata mara moja maishani mwao. Huyo asiyepimwa, siku atakapopimwa kwa mara ya kwanza, mikono itakayomfunga kile kitambaa cha kupimia itakuwa, katika zahanati nyingi, mikono ya muuguzi.

Kufunga kitambaa kile huonekana kazi sahili, wala siyo. Mtu aliyepanda kilima kwa miguu, au aliyeshuka kwenye bodaboda akiwa amekumbatia mtoto na mzigo, hana presha ya kweli mpaka amekaa kitako dakika 5. Aliyebanwa na mkojo hupimika juu kuliko haki yake, anayezungumza, vilevile, aliyeninginiza mkono pasipo kuuegemeza mezani, hali kadhalika. Kitambaa chembamba katika mkono mnene hudanganya kwa kuzidisha. Muuguzi anayeyajua haya hupima mara mbili, na akiona 140 kwa 90 au zaidi hakimbilii kumwita mtu mgonjwa, bali humpa siku ya kurudi. Nimeona mtu aliyeambiwa ana presha kwa kipimo kimoja cha pupa, naye akaishi mwaka mzima akiogopa kulima shamba lake mwenyewe.

Halafu kuna lugha. Sisi wasemao Kiswahili tunatumia neno moyo kwa kiungo kinachodunda na kwa makao ya huzuni na mapenzi, wala hatuoni tabu. Mjaluo ana maneno mawili: kiungo chenyewe ni adundo, na kile kinachohuzunika ni chuny, neno ambalo ndilo pia jina la ini. Mama anapomwambia muuguzi “chunya lit”, yaani moyo wangu unauma, huenda ameondokewa na mwana. Lakini watu hawasemi na roho zao zimepangwa kama kamusi, na huenda vilevile kifua kinambana kila apandapo ngazi. Muuguzi aliyezaliwa huku hauachi usemi huo upite. Huuliza: maumivu yanakuja ukiwa umelala au ukiwa umebeba maji? Yanapanda shingoni, yanashuka mkono wa kushoto? Unalalia mito mingapi? Swali hilo la mito nililiona dogo mpaka nilipoelezwa: moyo uliochoka hushindwa kuisukuma damu, maji hujaa katika mapafu, na mgonjwa akilala chali hukosa pumzi, basi kila mwezi huongeza mto, mpaka siku moja mwanawe anamkuta amelala ameketi. Watu wa nyumbani husema amekuwa mwoga wa usiku. Muuguzi huhesabu mito.

Turudi kwenye kidonge kile cheupe. Jina lake ni digoksini, nayo ni katika dawa kongwe za moyo. Mwaka 1775 tabibu mmoja wa Uingereza, William Withering, aliulizwa rai yake juu ya dawa ya mitishamba ambayo bibi kizee mmoja wa Shropshire aliificha kama siri ya ukoo, naye alikuwa akiwaponya kwayo watu waliovimba maji, hata wale walioshindikana na waganga wa vyuoni. Withering akatambua kuwa katika majani yote yaliyomo, lenye nguvu lilikuwa moja tu, la ua liitwalo digitalis, ambalo ndilo asili ya digoksini. Akalijaribu kwa miaka 10, na mwaka 1785 akachapisha kitabu chake. Humo hakusifu tu. Alionya kuwa dawa hii ikizidi huleta kichefuchefu, kutapika, na macho kuona vitu kwa rangi ya kijani au manjano, na mapigo ya moyo kupungua. Ajuza wa Maseno aliyelalamikia taa hakuwa amesoma kitabu cha mwaka 1785, lakini muuguzi wake alikuwa na elimu iliyotoka huko, na kwa hiyo taa yenye umanjano haikupita masikioni mwake kama soga la mgonjwa.

Digoksini huutia moyo nguvu ya kukaza, na huupunguzia mbio. Fadhila zake zote zimo humo, na hatari yake imo humohumo, kwa kuwa kiasi kinachoponya na kiasi kinachodhuru vinakaribiana mno. Ndiyo maana muuguzi husikiliza kifuani kwenyewe, maana moyo unaokwenda mrama hupiga mapigo mengine dhaifu yasiyofika kifundoni mwa mkono, na husikiliza dakika nzima, maana anayehesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne huenda akaangukia robo iliyo njema akaacha tatu zilizo mbovu. Ikiwa mapigo ya mtu mzima ni chini ya 60, kidonge husubiri na tabibu huarifiwa. Kanuni ni hiyo tu. Kuifuata katika wodi yenye vitanda 30 na wauguzi wawili ni jambo jingine, na ninapowaona wakiifuata nawapa heshima ambayo maneno hayatoshi kuieleza.

Lakini kwa nini dawa ile, ambayo bibi alikuwa ameimeza miezi mingi kwa salama, imgeuke mwezi huo? Hapa ndipo nilipoona kuwa dawa za moyo huishi kama wake wenza katika boma moja: mmoja akiguswa, mwingine huitikia. Pamoja na digoksini bibi alikuwa akimeza furosemidi, ambayo wengi huku huijua kwa jina la Lasix, dawa ya kutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo. Maji yanapotoka hutoka pamoja na potasiamu, na potasiamu ikipungua katika damu, digoksini ileile, kwa kiasi kilekile, huwa kali kupita kawaida. Bibi alikuwa ameharisha siku kadhaa kabla ya kulazwa, wala hakuwa akila. Damu yake ilipopimwa ilidhihirisha hayo. Hakuna aliyekosea kuandika dawa; mwili ndio uliobadilika, na aliyekuwapo kuuona ukibadilika ni muuguzi.

Furosemidi yenyewe ina visa vyake, navyo havimo katika vitabu. Wagonjwa huiacha siku ya safari. Nani atakayeimeza asubuhi kisha apande matatu kwenda Kisumu, au akae kutwa nzima kwenye matanga ya ukoo ambako choo ni kimoja? Wengine huihamishia usiku, wakaamka mara tano gizani, na mzee akateleza njiani akavunjika nyonga. Muuguzi mwerevu hamkaripii mtu wa namna hii. Humwuliza siku zake za safari, akamshauri, kwa idhini ya tabibu, aimeze akisharudi alasiri. Na humfundisha kujipima uzito kila asubuhi, kwani kilo mbili zilizoongezeka katika siku mbili au tatu si shibe, ni maji.

Na chumvi! Kila bango hospitalini linasema punguza chumvi, na kila mgonjwa huapa kuwa amepunguza, akiwa mkweli kabisa, kwa sababu anafikiria ile nyeupe ya kijiko. Swali lenye faida ni hili: mboga unazilainishia nini? Mapishi ya mboga za kienyeji katika upande wetu huu hupenda magadi, nayo magadi yamejaa sodiamu ileile iliyomo katika chumvi, ila haina jina hilo. Wazee walichuja majivu ya mimea, na maji ya majivu yana potasiamu kwa wingi. Hilo nalo lina hadhari yake, kwa sababu mgonjwa anayemeza enalaprili au spironolaktoni, na hasa mwenye figo dhaifu, hubakiza potasiamu mwilini, nayo ikizidi huusimamisha moyo. Ushauri mmoja, basi, hauwafai wagonjwa wawili waliokaa benchi moja, na mwenye kuyajua hayo ni yule anayejua kilicho katika chungu na kilicho katika chupa kwa pamoja.

Kuna pia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo humezwa maisha yote na wale waliowekewa vali za chuma moyoni. Asili yake ni msiba wa mifugo: katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Marekani na Kanada walivuja damu hadi kufa kwa kula majani makavu yaliyoota ukungu, mwanasayansi Karl Link wa Wisconsin akakigundua kilichowaua, na wafarini, iliyotokana na ugunduzi huo, ikauzwa kuwa sumu ya panya mwaka 1948, na kufikia mwaka 1954 ikaingia hospitalini. Mwenye kuimeza hupimwa damu mara kwa mara. Na mboga za majani mabichi, osuga na dek na sukuma wiki, zina vitamini K inayoshindana na dawa hii. Nimesikia wagonjwa wakikatazwa mboga kabisa, jambo ambalo katika nyumba isiyo na nyama wala samaki kila siku ni sawa na kukatazwa chakula. Muuguzi anayeelewa husema: kula mboga zako, lakini kadiri ya wiki hii iwe kadiri ya wiki ijayo, nasi tutaipima dawa kwa kuzifuata. Na mwanamke kijana anayemeza wafarini huambiwa mapema, faraghani, kwamba aje kabla ya kushika mimba, maana dawa hii humfikia mtoto tumboni.

Vali hizo zilizobadilishwa, mara nyingi, ziliharibika tangu utotoni, na jambo hili ndilo linalonichoma kuliko yote. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 huumwa koo. Koo hupona lenyewe. Wiki mbili tatu baadaye viungo humvimba, mara goti, mara kiwiko, na homa humshika. Ni mwili unaopigana na bakteria wa koo na kuuparua moyo wake wenyewe. Homa ikirudiarudia, vali hukakamaa na kuvuja, na akiwa msichana huweza kugunduliwa siku ya kujifungua, moyo usipoweza kubeba damu ya watu wawili. Upasuaji upo, Tenwek huko Bomet, Nairobi, na Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Lakini foleni ni ndefu na gharama huuza ng'ombe wa ukoo mzima.

Kinga yake ni sindano ya penisilini ya benzathini, kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, kwa Waacholi ambao lugha yao ni ndugu ya Kijaluo, watafiti waliwagawa kwa kura watoto 818 waliokuwa na dalili za mwanzo zilizoonekana kwa mashine tu. Kwa miaka 2 nusu walichomwa sindano hiyo, nusu hawakuchomwa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2021 ni haya: waliochomwa, ugonjwa uliwazidia watatu tu; wasiochomwa, uliwazidia 33.

Lakini sindano yenyewe huuma. Ni unga unaotikiswa na maji ukawa mzito kama maziwa, huziba sindano nyembamba, na huingia ndani kabisa ya tako. Mtoto anayeijua hukimbia. Nilimwona muuguzi mmoja akiipasha chupa joto kiganjani huku akimwuliza kijana habari za mpira wa shuleni, akapabonyeza kwa kidole gumba mahali pa kuchoma kwa sekunde 10, kisha akasukuma dawa polepole mno, bila kunyamaza hata kidogo juu ya mpira. Kijana alikunja uso, hakulia. Alipovaa kaptula akauliza, “Sista, siku ya kurudi ni lini?” Maneno hayo, kutoka kinywani mwa mtoto wa miaka 11 aliyekwisha chomwa mara nyingi na atakayechomwa mpaka awe mtu mzima, yalikuwa matunda ya kidole gumba kile na mazungumzo yale; na endapo muuguzi angekuwa mkali au mwenye haraka, mtoto yule asingerudi, na vali yake ingejifunga taratibu bila mtu kujua.

Jirani yangu alitoka hospitalini baada ya siku 9, dawa yake imepunguzwa, ndizi na machungwa yameongezwa kikapuni. Mwezi uliofuata nilimsindikiza kliniki. Alikuwa amebeba vidonge vyake vyote katika mfuko wa karatasi, kama alivyoagizwa, na humo muuguzi akakuta viwili ambavyo hakuna tabibu aliyeviandika: bibi alipewa na shemeji yake wa Luanda ya hapa jirani, ambaye naye ana presha. Vikawekwa kando pasipo lawama. Kisha muuguzi akavuta kiti. Chumba kilikuwa kimejaa, redio ya jirani inaimba, na mtu mlangoni aliuliza zamu yake itafika lini. Yeye aliinua kiganja kumwomba asubiri, akaituliza stetoskopu chini ya titi la kushoto, akaitazama saa yake, na bibi, ambaye sasa alijua kinachotafutwa, akafumba macho wakahesabu wote wawili.